Binti Aliyetolewa Nje ya Lango

Mtaani walimwita Hakimu, na wapangaji wapya waliamini kweli ni hakimu. Watu wakigombania ukuta au mfereji wa maji machafu, walimjia jioni wamevaa vizuri, wanasimama mlangoni wakikohoa kidogo kabla ya kubisha hodi. Naye anawakaribisha, anawasikiliza mpaka mwisho, kisha anawaambia, "Jamani, mimi naandika vipindi vya televisheni. Hakimu ni utani tu." Wengine walicheka. Wengine waliona anawakwepa, na mmoja alirudi siku ya pili na shahidi.

Jina lenyewe lilitoka jukwaani. Akiwa chuoni aliigiza hakimu katika tamthilia moja ya kale, ya huzuni tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mji umezingirwa na maadui, na kisima kimebaki kimoja. Hakimu anatoa amri: atakayechota maji ya akiba kwa siri atatolewa nje ya lango, huko kwenye mishale. Anayekamatwa na mtungi ni binti yake mwenyewe, aliyemchotea mtoto wa jirani anayeungua kwa homa. Baba anaweza kumsamehe, wala hamsamehi. Lango linafunguliwa, linafungwa, unasikika ukelele mmoja, na kabla pazia halijashuka mvua inaanza kunyesha.

Binti huyo aliigizwa na msichana wa mwaka wa kwanza, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Kila jioni ya maonyesho Hakimu alimtoa nje ya lango, na kila jioni alimsindikiza bwenini akimwomba radhi. Mwisho wakaoana. "Wenzangu waliposwa," mkewe alizoea kuwaambia wageni. "Mimi niliuawa kwanza, ndipo nikaolewa."

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Majirani walimbandika jina la Kasuku kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, alisema amelala. Ndani ya nyumba mume akawa Baba Kasuku na mke akawa Mama Kasuku, na majina waliyopewa na wazazi wao yakabaki kwenye vyeti.

Kasuku alikuwa anasomea ualimu alipokuja nyumbani likizo, akalalamika kuwa kichwa kinamgonga na shingo imekaza. Hospitali wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Mama yake alikesha naye wodini, asubuhi akarudi nyumbani kuoga na kuchukua shuka safi. Alimwacha binti anamsimulia nesi habari za mwalimu wao mwenye kigugumizi. Aliporejea, kitanda kilikuwa kimezungushiwa pazia na mumewe amesimama koridoni, mikono inaning'inia. Hakuhitaji kuambiwa. Alimkabidhi zile shuka, akageuka, na hakukubali kumwona mwanawe, si pale wala siku ya mazishi. Shangazi walimsihi, wakamkemea, wakachoka.

"Nimemwacha anaongea," alisema. "Abaki hivyohivyo."

Baada ya hapo yale majina mawili yakawakwama kooni. Na hawakuwa na mengine ya kuitana. Wakazoea kuanza maneno kavukavu: chai iko mezani, umeme umerudi, mlango wa nyuma haujafungwa. Mtu aliyepita dirishani angedhani kila mmoja anaongea na ukuta.

Hakimu aliendelea na kazi yake, maana kazi ilikuwa haimdai moyo. Alikuwa anaandika vichekesho vya kifamilia: mama mkwe mkorofi, mume muongo, jirani mwenye mdomo. Aliviandika kama mtu anavyomenya viazi. Ndipo siku moja meneja wa vipindi, mama mmoja mtaratibu asiyepandisha sauti hata akikufukuza kazi, akamwita ofisini na kumwambia kuwa kituo kinataka kitu kizito mwaka huu. Wakubwa wamechoka kuambiwa wanapika upuuzi. Wanataka tamthilia moja kubwa ya jukwaani iletwe kwenye televisheni.

"Unaifahamu yoyote ambayo..."

"Ninayo," Hakimu alisema, hata hakumngoja amalize.

Tangu msiba ule alikuwa ameambiwa mengi. Mtoto amepumzika. Muda utaponya. Jipe moyo, mwanaume. Watu walisema kwa mapenzi, naye aliitikia kwa adabu, lakini hakuna hata moja lililomwingia. Mchezo ule tu ndio haukumdanganya. Ndani yake binti anakufa, mvua inanyesha alipokwisha kufa, na baba anabaki ameushika mtungi. Hakuna anayemwambia kwamba kuna sababu. Alitaka watu wengi wakae mbele ya televisheni zao waone jambo hilo bila kutiwa sukari.

Alimkuta mkewe anapiga pasi, akamweleza.

"Mchezo ule?" mkewe aliuliza, pasi haijasimama.

"Ule."

"Michezo mingine yote imekwisha?"

Mkewe alikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akachukua jingine.

Kazi ikaanza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Hakimu alikuwa akiamka na hamu. Maneno ya jukwaani hayakai kwenye kamera hivihivi. Jukwaani mtu anasema nina kiu kwa maneno mengi ili aliyekaa kiti cha nyuma asikie. Kwenye kamera midomo iliyopasuka inatosha. Alifuta, alipunguza, aliwavua wazee wa mji majoho akawavisha mashati ya kawaida. Hotuba ya hakimu mbele ya mtungi mtupu, ambayo zamani ilimtoa jasho kuikariri, aliibakiza mistari michache, halafu ukimya. Usiku wa lango hakuugusa hata nukta.

Kwenye kikao cha mwisho kabla ya kurekodi, meneja alifunua mswada kwenye ukurasa wa lango na kuuwekea kiganja juu.

"Mzee wangu, umefanya kazi. Nililia, sikufichi. Ila huyu binti tunamhitaji msimu wa pili."

"Anakufa," Hakimu alisema.

"Tumesikia ukelele. Mwili hatukuuona. Sasa nani kasema amekufa? Askari mmoja wa adui anaweza kumwonea huruma, akamficha. Yaani mlango upo wazi kabisa."

Hakimu alisimama. Si desturi yake kusimama kwenye vikao. Alisema kwamba binti yule asipokufa hakuna mchezo, kuna porojo. Alisema watu wazima wanajua kuwa aliyetoka harudi, na ni kuwatukana kuwaambia vingine. Alipiga meza. Mwongozaji aliyekaa pembeni, kijana mwenye miwani, aliinamia simu yake kama anayetafuta kitu muhimu. Meneja akamsikiliza mpaka akaishiwa pumzi, akasema tu, "Nenda ukalale na hili jambo. Kesho unipigie."

Alifika nyumbani bado damu inachemka. Zamani mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia kila alichoandika, na jioni ile, kwa hasira, alisahau kwamba desturi hiyo ilikuwa imekufa. Akawa anatembea kati ya meza na dirisha akimsimulia, akiigiza sauti ya meneja, akionyesha jinsi alivyopiga meza.

"Nikawaambia hapana. Nikawaambia lazima afe. Afe, basi!"

Mkewe alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Mikono ikasimama.

"Umesimama mbele za watu," alisema polepole, "ukapigania mtoto wa kike afe."

"Ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Mimi ndiye niliyekuwa nakufa."

Hakimu akavuta kiti, akakaa.

"Wanakwambia anaweza kuishi. Hawataki hata kukulipisha, wanakubembeleza. Na wewe unakataa. Hivi wewe ni mtu wa namna gani?" Hakupaza sauti. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye mchele naye anaendelea kuuchambua, kokoto moja moja, kama hayamhusu.

Asubuhi Hakimu alimpigia meneja. Alisema sawa, ataishi. Meneja akamshukuru sana, akamwambia kuwa alijua tu, yeye ni mtu mwelewa. Alipokata simu alijiona kama mtu aliyeuza kiwanja cha makaburi.

Sehemu ya lango ilirushwa Jumatano jioni. Mkewe hakukaa. Alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo begani, tayari kugeuka. Lango likafunguliwa, likafungwa. Ukelele. Mvua. Kisha, pale ambapo tangu enzi na enzi pazia lilikuwa linashuka, picha ikahamia nje ya ukuta, kwenye matope, na mkono wa binti ukakunja vidole.

Kitambaa kilianguka. Mkewe alikuja akakaa kwenye kochi, ukingoni kabisa, magoti yamebanana.

"Yu hai," alisema. "Umeona? Yu hai, Baba Kasuku."

Hakimu akatoka uani, akafungua bomba, akawa ananawa uso, ananawa, mpaka mama wa nyumba ya pili akamuuliza kama kuna kitu kimemwingia machoni.

Msimu wa pili ukawa wa kazi nzito, maana sasa hapakuwa na tamthilia ya kale ya kuegemea. Alitakiwa kubuni kila kitu: binti amejificha wapi, anaishi na nani, anajificha vipi. Na nyumbani alikuwa na mtazamaji ambaye hakuna meneja aliyepata kumwota. Mkewe alianza kuchana nywele tena. Alianza kupika chakula cha watu wawili badala ya kuandaa chochote kilichopo. Asubuhi, akimmiminia chai, humuuliza: "Leo atakula nini? Usimlaze njaa yule mtoto." Au, "Kule hemani kwa yule askari kuna baridi. Mtafutie blanketi." Naye akifika kazini anaandika blanketi. Anaandika uji, anaandika mkate, anaandika samaki wa kuchoma. Mwongozaji alilalamika kwamba huyu binti anakula kuliko jeshi zima linalozingira mji. Kila mtu kikaoni akacheka, na Hakimu akacheka nao.

Mwanzoni alijidanganya kwamba ni nafuu. Mke anakula, analala, anamwita jina. Lakini siku moja alimsikia akizungumza na mama wa nyumba ya pili juu ya ukuta, akisema binti yetu amekonda siku hizi, atakuwa anasoma sana. Yule mama akamtupia Hakimu jicho, halafu akatazama chini. Jumatano nyingine, binti akiwa anazozana na askari kwenye televisheni, mkewe alicheka kwa sauti akasema, "Msikie! Hajaacha domo lake." Binti wa kwenye mchezo hakuwa msemaji. Hakimu mwenyewe ndiye aliyemwandika, na alimwandika mkimya.

Hapo alitamani kumwambia kitu, ila kila alipomtazama usoni aliona uso aliokuwa ameukosa miaka mizima. Akawa anakaa kando yake kila Jumatano, anautazama uongo wake mwenyewe, mkono wa mkewe umelala juu ya mkono wake.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula, meneja alipomwita tena. Yule mwigizaji wa binti amepata kazi nchi nyingine, ya sinema kubwa. Hatarudi. Tena watazamaji wameanza kupungua, hadithi imepoa.

"Kwa hiyo?" Hakimu aliuliza, ingawa ameshaelewa.

"Tumpumzishe. Mwisho wa msimu, afe. Na safari hii mwili uonekane vizuri, mzee wangu, maana tusipouonyesha watatusumbua kila siku wanataka arudi."

Hakimu hakusimama wala hakupiga meza. Aliomba. Alisema anaweza kusafirishwa, akaolewa mbali, watu wakawa wanapokea salamu zake tu. Alisema wanaweza kutafuta mwigizaji mwingine wa kufanana naye. Alisema anaweza kufungwa gerezani hata miaka ishirini, bora awe anapumua.

Meneja alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe uliyenipigia meza hapa? Afe, afe?"

"Ni mimi."

"Basi si umepata ulichokitaka? Safari haileti watazamaji. Msiba unaleta." Kisha, kwa upole, "Kama huwezi, nitawapa vijana. Hutalaumiwa."

Aliwafahamu vijana. Wangemwaga damu ndoo nzima na kumpigisha mtu mayowe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akasema ataandika mwenyewe.

Aliandika kwenye meza ya kulia, mkewe akiwa sokoni. Alimpa binti homa, kwa kuwa homa ndiyo aliyoijua. Akamwekea mama yake pembeni. Katika mchezo wa kale mama hayupo kabisa, alishakufa kabla hadithi haijaanza, lakini Hakimu alimfufua, akamtoa mjini kwa siri, akamvusha mstari wa adui mpaka hemani. Alimkalisha kando ya kitanda. Alimpa bakuli la maji na kitambaa, akamwacha amfute binti uso, taratibu, mpaka mwisho, wakiongea mambo ya kawaida, hata wakicheka kidogo. Hakuna aliyemtuma nyumbani kuchukua shuka. Alipomaliza aliweka kichwa juu ya meza. Tangu aanze kuandika vipindi hakuwahi kuandika kitu kizuri kama kile, naye alijua.

Kumficha mkewe hakuweza. Siku chache kabla ya kurushwa alimfuata jikoni, akamwomba akae.

"Wanamuua," mkewe alisema kabla hajaambiwa. Pengine alishaona sura yake.

"Mwigizaji ameondoka. Niliwaomba. Haki ya Mungu, niliwaomba."

"Nani ameandika?"

"Mimi. Sikiliza, Mama Kasuku. Safari hii mama yake yupo. Yupo naye, anamshika, wanaongea. Nimekuandikia wewe. Ukiona..."

"Usinionyeshe."

"Ni sehemu fupi tu, ungeona jinsi..."

"Nimesema usinionyeshe!" Alikuwa ameshika kingo za meza. "Nilikwambia nimemwacha anaongea. Hilo tu ndilo nililokuomba. Mara ya kwanza hukuwa na uwezo, sikukulaumu. Safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwako, Hakimu."

Alimwita hivyo, kama wanavyomwita wapangaji.

Jumatano asubuhi mkewe alifunga mkoba mdogo, akasema anakwenda kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji. Kule televisheni iliharibika siku nyingi na hakuna aliyejali kuitengeneza. Hakimu akamsindikiza mpaka kituo cha basi, akabeba mkoba. Alidhani ni safari ya kulala mara moja, ili jioni ile impite.

Alitazama peke yake. Hema likaonekana, binti akaonekana amelala, jasho linamtiririka. Mama akaingia na bakuli la maji. Hakimu akasogea mbele kwenye kochi. Mama akapiga magoti, akachovya kitambaa, na hapo hapo yakaingia matangazo: sabuni ya kufulia, mafuta ya nywele, benki. Matangazo yalipokwisha binti alikuwa amekwisha kufa. Walikuwa wameyakata maongezi yote. Yalibaki mayowe ya baba aliyechelewa kufika, na kamera ikausogelea uso wa maiti, ikakaa pale muda mrefu, muziki ukipanda.

Kesho yake simu ilikuwa haitulii. Meneja alisema haijawahi kutokea, nchi nzima imelia. Mwongozaji aliomba radhi kidogo kuhusu ile sehemu ya mama, akasema muda ulikuwa umebana na ilikuwa inapunguza kasi. Hakimu akasema haidhuru.

Mkewe hakurudi wiki ile, wala mwezi ule. Hakusema ameachika wala hakudai kitu. Alimtuma mdogo wake kuchukua nguo kidogo kidogo, leo gauni, siku nyingine viatu, mpaka kabati likabaki na mitandio mitatu ya zamani. Hakimu alikwenda kumwona Jumapili. Shemeji yake alimkaribisha vizuri, akampa kiti kizuri, akawaacha sebuleni wenyewe kwa makusudi. Wakazungumza habari za mvua, za bei ya mkaa, za kuku wa shemeji wanaotaga chini ya gari bovu. Mkewe alikuwa anafuma kitambaa cha meza, macho hayatoki kwenye uzi.

"Rudi nyumbani," Hakimu alisema alipokaribia kuaga.

"Nikafanye nini?" mkewe aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli, akangoja jibu, na Hakimu akasimama, akaaga.

Aliendelea kwenda Jumapili nyingine, na nyingine. Baadaye akawa anakwenda akipata nafasi. Kazi yake ile kituo kiliipa tuzo, kibao cha kioo chenye maandishi, akakiweka juu ya friji. Wapangaji wapya waliendelea kuja na kesi zao za mifereji, na siku hizi alikuwa hawaambii tena kwamba si hakimu. Aliwasikiliza, akatoa hukumu yoyote iliyomjia, wakaondoka wameridhika.

Meneja alipompigia kumwambia kwamba wanarudi kwenye vichekesho, wanamtaka mama mkwe mkorofi tena, lakini safari hii awe na simu ya kisasa, Hakimu alikuwa amekaa jikoni na sufuria ya viazi visivyomenywa mbele yake. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sawa, na akauliza sehemu ya kwanza inatakiwa lini.